Mwisho wa Siku: Msemo wa Kiingereza na Nafasi Yake katika Kiswahili

Utangulizi

Miongoni mwa misemo iliyoingia katika Kiswahili kwa njia ya tafsiri sisisi, ni michache iliyoenea upesi kama "mwisho wa siku". Msomaji wa magazeti na msikilizaji wa redio, awe Nairobi au Dar es Salaam, huukuta kila mara. Mchezo wa kandanda ukichambuliwa, husemwa kuwa mwisho wa siku kinachohesabiwa ni mabao. Makadirio ya fedha ya serikali yakielezwa, husemwa kuwa mwisho wa siku anayeumia ni mwananchi. Asili ya msemo huu haifichiki. Ni maneno ya Kiingereza "at the end of the day" yaliyochukuliwa neno kwa neno na kuvikwa viambishi vya Kiswahili.

Makala haya yanakusudia kuonyesha mambo matatu. Kwanza, kwamba msemo huo katika Kiingereza hauna kazi moja bali kazi kadhaa, na kwa hiyo hauwezi kupatiwa neno moja la kuushikia nafasi. Pili, kwamba maneno "mwisho" na "siku" yana maana zao katika Kiswahili, na maana hizo hazikubali kunyamazishwa kwa sababu tu msemaji anafikiri kwa Kiingereza. Tatu, kwamba Kiswahili kina njia nyingi za kueleza kila moja ya kazi hizo, tena njia zilizo wazi kuliko msemo wenyewe.

Mfano utakaotumiwa ni wa Doldol, mji mdogo ulio kaskazini mwa Nanyuki, ambao ni makao ya utawala ya Laikipia Kaskazini. Mahali hapa hapakuchaguliwa kwa bahati. Mjadala kuhusu misemo ya kuazima kwa kawaida huendeshwa mijini, na mjini aghalabu mwenye kusema na mwenye kusikia wote wawili wanajua Kiingereza. Msemaji akisema "mwisho wa siku", msikilizaji huyarudisha maneno hayo katika Kiingereza kimoyomoyo, akaelewa; kasoro ya tafsiri haionekani kwa sababu kila mmoja anaifidia kwa siri. Tafsiri sisisi hupimwa vyema pale ambapo msikilizaji hana Kiingereza cha kuegemea, naye anayapokea maneno ya Kiswahili jinsi yalivyo.

Msemo katika lugha yake ya asili

Picha iliyomo katika msemo wa Kiingereza ni ya mtu ambaye kazi ya mchana imekwisha, naye anatazama nyuma ili apime kilichopatikana. Lakini picha hiyo imekwisha kufifia. Mwingereza atumiapo maneno hayo hafikirii jioni, wala kazi, wala jua. Anachotaka kusema ni kwamba, baada ya kupima yote yaliyosemwa, jambo lenye uzito ni hili atakalolitaja. Msemo umehama kutoka wakati ukaingia katika hoja.

Hata Waingereza wenyewe wamechoshwa nao. Mwaka 2004 chama cha Plain English Campaign, ambacho kazi yake ni kutetea Kiingereza kilicho wazi, kiliwauliza wafuasi wake katika nchi nyingi ni msemo gani uliochakaa unaowakera kuliko yote. Ulioshika nafasi ya kwanza ni huu huu. Basi Kiswahili kiliuazima msemo ambao wenyewe walikuwa wameanza kuutafutia jalala. Jambo hili peke yake halitoshi kuufukuza, kwa kuwa neno lililochakaa kwa jirani laweza kuwa jipya kwa mwazimaji. Lakini linatosha kumfanya mwazimaji aulize anaazima nini.

Siku na mwisho wake katika Kiswahili

Katika Kiswahili neno "mwisho" likifuatwa na kipimo cha wakati hutaja tarehe au saa. Mwisho wa mwezi ni siku ya mshahara. Mwisho wa mwaka ni majira ya kufunga hesabu na shule. Mwisho wa wiki ni Jumamosi na Jumapili. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilicho tamathali ya usemi. Kwa hiyo msikilizaji akisikia "mwisho wa siku", kanuni ya lugha yake inamwelekeza aufahamu kwa mfano wa ndugu zake: ni saa ya jioni, kazi inapokoma. Kwa kibarua, ndiyo saa ya kulipwa ujira wa kutwa.

Isitoshe, siku ya Mswahili haiishi mahali inapoishia siku ya Mwingereza. Saa za Kiswahili huhesabiwa tangu macheo na tangu machweo, na katika hesabu ya zamani ya mwambao, iliyo sawa na ile ya kalenda ya Kiislamu, siku mpya huanza jua likitua. Ndiyo sababu usiku wa Ijumaa kwa wazee wa pwani ni usiku unaofuata mchana wa Alhamisi, na ndiyo sababu lugha ya magazeti imelazimika kusema "usiku wa kuamkia Ijumaa" ili kuondoa utata. Kwa hesabu hiyo, jua linapotua si saa ya kukaa na kupima yaliyopita tu. Ni saa ya kuanza siku nyingine.

Methali nazo zinaelekeza macho upande mwingine. Husemwa kwamba nyota njema huonekana asubuhi, na kwamba usiku wa deni haukawii kucha. Katika methali hizi dalili hutazamwa alfajiri, na hesabu hudaiwa kunapopambazuka. Haina maana kwamba Kiswahili hakiwezi kupima mambo jioni. Maana yake ni kwamba picha ya jioni kuwa saa ya hukumu si picha ambayo lugha hii imeizoea.

Tena yapo maana ya dini. Maneno "siku" na "mwisho" yakikaribiana, msikilizaji wa msikitini hukumbuka Kiyama, na wa kanisani hukumbuka siku za mwisho. Mwenye kuhubiri au kufundisha akisema kwamba "mwisho wa siku sote tutaulizwa", mtu hawezi kujua kama ametamka itikadi au ametumia msemo wa redio.

Hali ya Doldol

Wakazi wengi wa Doldol na viunga vyake ni wasemaji wa Kimaa. Miongoni mwao wamo Wayaaku, waitwao pia Wamukogodo, ambao zamani walikuwa wawindaji na wafuga nyuki katika msitu wa Mukogodo na walikuwa na lugha yao wenyewe ya jamii ya Kikushi. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 watu hawa walishika ufugaji wa ng'ombe na lugha ya Kimaa, hata mtaalamu Bernd Heine alipoandika maelezo yake juu ya Kiyaaku katika miaka ya 1970, waliokuwa bado wakikijua walikuwa wazee wachache. Kusini, kuelekea Nanyuki na Nyeri, wako Wakikuyu, na upande wa Meru wako Wameru. Maofisa, walimu na wafanyabiashara hutoka pande zote. Kwa hiyo katika soko, katika zahanati na katika baraza, Kiswahili ndicho kiungo. Lakini kwa karibu kila mmoja aliyepo ni lugha ya pili au ya tatu, iliyojengwa juu ya lugha ya nyumbani.

Sasa, katika Kimaa neno "enkolong" ni jina la jua, na pia ni jina la siku. Mwenye lugha hiyo akisikia Kiswahili kikitaja mwisho wa siku, kitu cha kwanza kumjia ni jua kuzama. Hakosei. Kwa kweli anakielewa Kiswahili sawasawa kuliko yule aliyekisema.

Na ichukuliwe sentensi kama hii, ambayo yaweza kutamkwa na mgeni yeyote anayezungumzia kambi ya watalii katika malisho ya jamii: "Kutakuwa na shida hapa na pale, lakini mwisho wa siku kila mwanajamii atafaidika." Mgeni amekusudia kusema kwamba, faida na hasara zikipimwa, faida itazidi. Hiyo ni rai yake. Msikilizaji aweza kusikia kitu kingine kabisa: kwamba kuna muda uliowekwa, na muda huo ukifika kila mtu atapewa chake. Hiyo ni ahadi. Mmoja ametoa maoni na mwingine amepokea miadi. Wakiondoka hapo kila mmoja ameridhika, na ugomvi umekwisha kupandwa.

Jambo hili si la mzaha, kwa sababu sheria imeweka uzito mkubwa juu ya masikio ya wakazi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 1968 iliyosimamia ranchi za vikundi, makubaliano ya uwekezaji katika ardhi ya jamii hayawi halali mpaka yakubaliwe na theluthi mbili ya wanajamii katika mkutano wao. Theluthi mbili hiyo haiinui mikono kwa maandishi ya Kiingereza yaliyo mezani. Inainua mikono kwa maneno yaliyosikika, na mara nyingi maneno hayo yametoka Kiingereza yakapita katika Kiswahili kabla ya kufika katika Kimaa. Mkalimani aliyepokea "mwisho wa siku" ana njia mbili: ama ayageuze maneno, na hapo atataja jua, ama akisie nia, na hapo atakuwa amechagua maana kwa niaba ya mkutano mzima.

Historia ya Laikipia yenyewe inaonyesha uzito wa maneno ya wakati katika mkataba. Mwaka 1904 Waingereza walifanya mapatano na viongozi wa Wamaasai, ambao kwa mapatano hayo walihamishwa kutoka Bonde la Ufa wakagawiwa hifadhi mbili, moja ikiwa Laikipia. Muda wa mapatano ulitajwa kuwa ni maadamu Wamaasai wangalipo duniani. Miaka 7 baadaye, mwaka 1911, yaliandikwa mapatano mengine ya kuwahamisha kutoka Laikipia kwenda kusini. Shauri lililofikishwa mahakamani mwaka 1913 kupinga uhamisho huo lilitupwa, kwa hoja kwamba mapatano yale yalikuwa mkataba baina ya mataifa wala hayakuwa jambo la kuamuliwa na mahakama ya nchi. Haitakuwa haki kusema kwamba tafsiri mbaya ndiyo iliyowahamisha watu. Kilichowahamisha ni nguvu na tamaa ya ardhi. Lakini jamii yenye kumbukumbu hiyo ina kila sababu ya kusikiliza kwa makini kila neno linalotaja muda, na ina haki ya kupewa maneno yanayosema kile yanachosema.

Kazi za msemo na maneno ya kuushikia nafasi

Anayetafuta badala ya "mwisho wa siku" hana budi aanze kwa kuuliza msemaji alitaka kufanya nini. Kazi zifuatazo zinatofautishika.

(a) Kutaja tokeo la mfululizo wa mambo. Hapa Kiswahili kina "hatimaye", "mwishowe" na "mwisho wake". Vilevile kina kitenzi "kuishia", ambacho hubeba maana hiyo bila kuhitaji kielezi. Badala ya "ukame uliendelea na mwisho wa siku ng'ombe waliuzwa kwa bei ya kutupa", yatosha kusema "ukame uliendelea, na ng'ombe wakaishia kuuzwa kwa bei ya kutupa".

(b) Kutaja lenye uzito kuliko mengine. Hapa yafaa "jambo kuu ni", "la msingi ni", "zaidi ya yote" au "juu ya yote". "Mwisho wa siku tunahitaji maji" huwa "zaidi ya yote tunahitaji maji". Faida ya badiliko hili ni kwamba msemaji anakiri kuwa yapo mengine, naye ameyapanga kwa daraja.

(c) Kukubali hoja ya upande wa pili kisha kushikilia ya kwako. Maneno yake ni "hata hivyo", "pamoja na hayo yote", "iwe iwavyo" na "vyovyote iwavyo". Ni kosa kutumia "hatimaye" hapa, kwa kuwa hakuna kilichofuatana na kingine kwa wakati. Kilichopo ni mvutano wa hoja mbili.

(d) Kufupisha yaliyosemwa. Hapa husemwa "kwa ufupi", "kwa jumla" au "kwa muhtasari". Wasemaji wa pwani wana pia "muradi" na "ilimradi", maneno ambayo hufunga maelezo marefu na kumrudisha msikilizaji kwenye shabaha.

(e) Kumtaja mwenye dhamana. Kiingereza hupenda kusema kwamba mwisho wa siku uamuzi ni wako. Kiswahili hakihitaji kielezi chochote hapa, kwa sababu sarufi yake inacho chombo mahususi cha kutilia mkazo, nacho ni "ndi-". "Ninyi ndinyi mtakaoamua" ni sentensi kamili. Imemtaja mwenye uamuzi, ikawatenga wengine wote, na haikugusa saa wala siku. Kazi inayofanywa na fungu zima la maneno katika lugha moja hufanywa na umbo moja la neno katika nyingine, na mfasiri anayetafuta fungu la maneno kwa fungu la maneno atalipita.

(f) Kujaza nafasi. Mara nyingi msemo huu haufanyi kazi yoyote ila kumpa msemaji nafasi ya kuvuta pumzi. Badala yake iliyo bora ni kimya.

Sentensi ya kambi ya watalii sasa yaweza kurudiwa. Ikiwa mgeni alikusudia rai, aseme: "Kutakuwa na shida hapa na pale, pamoja na hayo, kwa maoni yetu faida itazidi hasara." Ikiwa alikusudia ahadi, aseme faida ni kiasi gani, italipwa na nani, na mwezi gani. Si vigumu kuona kwa nini msemo wa kuazima unapendwa kuliko sentensi hizi mbili. Ya kwanza inamlazimisha akiri kwamba anatoa maoni tu, na ya pili inamfunga. Msemo humwezesha apite katikati.

Je, misemo yote ya kuazima ikataliwe?

Hapana. Lugha isiyoazima haipo, na Kiswahili kimenufaika sana kwa kuazima. "Vita baridi" ni tafsiri sisisi, na hakuna aliyeumizwa nayo: silaha zinazonyamaza zinaeleweka kuwa baridi. "Kuua ndege wawili kwa jiwe moja" nayo imetoka nje, lakini picha yake inaonekana na kila aliyewahi kuchunga mbuzi akiwa na kombeo mkononi. Msikilizaji wa Doldol ataielewa mara ya kwanza aisikiapo, na huenda akaipenda. Kipimo, basi, hakiwezi kuwa asili ya msemo. Kipimo ni kama maana yaweza kufikiwa kwa kutumia Kiswahili peke yake. Jiwe na ndege wanamfikisha msikilizaji kwenye maana. Mwisho na siku vinamfikisha jioni na kumwacha huko.

Wala haifai kutia chumvi. Msemo mmoja hauui lugha. Wayaaku hawakupoteza lugha yao kwa sababu ya tafsiri sisisi. Waliipoteza kwa kuwa maisha ya ng'ombe, mahari na heshima yalikuwa yakiendeshwa kwa lugha ya jirani. Kiswahili hakimo katika hatari ya namna hiyo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekitambua kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hatari iliyopo ni ndogo kuliko hiyo, lakini ni ya kila siku: kwamba Kiswahili rasmi kitakuwa lugha ya watu wanaojua Kiingereza kuzungumza wao kwa wao, huku yule asiyekijua akisikia maneno anayoyafahamu yote bila kupata maana iliyokusudiwa. Neno geni angeliuliza. Maneno anayoyajua haoni sababu ya kuyauliza.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba "mwisho wa siku" hauwezi kubadilishwa kwa kuchagua neno moja na kulisambaza kwa waandishi na watangazaji, kwa kuwa msemo huo umebeba kazi sita na kila kazi ina maneno yake. Afadhali mwalimu awafunze wanafunzi wake kuuliza swali la kazi: Je, ninataja tokeo, ninapanga uzito, ninakubali na kushikilia, ninafupisha, ninamtaja mwenye dhamana, au ninavuta pumzi? Jibu likipatikana, neno huja lenyewe, kwa kuwa limekuwamo siku zote katika lugha.

Kwa wafasiri wa sheria na wakalimani wa mikutano, shauri ni la haraka zaidi. Kila fungu la maneno linalotaja wakati lichunguzwe kama kweli linataja wakati. Lisipotaja, liondolewe. Likitaja, tarehe iwekwe. Mkazi wa Doldol anayeulizwa juu ya malisho ya ng'ombe wake anastahili kujua kama ameambiwa leo jioni, mwaka ujao, au hakuambiwa lolote.